Kitabu Kilichotoka Dukani Ndani ya Shati la Hakimu

Kwa Mheshimiwa Hakimu,
Ofisini kwako, ghorofa ya juu, mlango wenye pazia la kijani (pazia ambalo mimi ndiye huliosha).

Mheshimiwa,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YAKO, YANAYOLETWA KWAKO KWA KUWA SIJUI PENGINE PA KUYAPELEKA

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya na umevaa shati safi. Mimi ni dobi wako, yule wa duka la kona, mkabala na muuza vipuri. Nakuoshea nguo tangu enzi zile ulipokuwa wakili mwenye mashati mawili, moja mwilini na jingine kwangu, na katika miaka yote hiyo sijawahi kukuchanganyia soksi. Nalitaja hilo mapema ili ujue kwamba barua hii haikuandikwa na mtu mwenye chuki. Imeandikwa na mtu aliyeonewa.

Shina la shauri letu ni kitabu. Kinaitwa Kobe Dereva wa Greda. Ni kitabu chembamba chenye jalada gumu, picha nyingi na maneno machache, na ni mali ya binti yangu wa pekee, ambaye nyumbani tunamwita Meneja kwa sababu tangu alipoanza kusema hajawahi kuomba kitu. Huagiza. Yuko katika umri wa kung'oka meno ya mbele, na hata pengo lake analitumia kutolea amri. Kitabu hicho hivi sasa kiko kwako, unajua kwamba kiko kwako, na umesema hukitoi. Kabla sijaingia katika malalamiko yenyewe, niruhusu nieleze kilifikaje huko, maana najua watu wa sheria hawapendi kuanzia katikati.

Mheshimiwa, mimi si mtu wa kupiga mtoto. Nilipigwa utotoni kwa niaba ya ukoo mzima na naona inatosha. Lakini si mtu wa kubembeleza pia. Kazi yangu ni kusimama na pasi ya moto, na mtu aliyeshinda na pasi ya moto hafiki nyumbani na maneno matamu. Basi Meneja alipokataa kunawa miguu, akakataa kula mboga, akakataa kumwamkia mama mkwe wangu kwa hoja kwamba walishaonana asubuhi, nilitafuta njia ya kati. Nikatazama nyumba nzima nikaona kitu kimoja tu ambacho Meneja anakipenda kuliko anavyojipenda mwenyewe. Nikakichukua, nikakiweka juu ya kabati, nikatangaza kwamba kitashuka kwa mwenye adabu.

Nyumba ilibadilika. Miguu ilinawiwa. Mboga ziliisha. Mama mkwe aliamkiwa mara nyingi kiasi cha kushtuka, akaniita pembeni na kuniuliza taratibu kama kuna mtu amefariki na anafichwa. Mke wangu peke yake ndiye hakufurahi. Alisema kitabu si mfupa na mtoto si mbwa. Nikamjibu kwamba samaki mkunje angali mbichi. Akasema huyu samaki ninavyomkunja atavunjika, na akaendelea kukuna nazi yake kwa nguvu zisizo za nazi.

Tatizo likawa mahali pa kukiweka. Meneja anapanda, Mheshimiwa. Juu ya kabati alifika kwa kuzigeuza droo kuwa ngazi. Nyuma ya redio alikikuta. Ndani ya pipa la mchele aliyekikuta ni mke wangu, na mazungumzo yaliyofuata hayana nafasi katika barua ya heshima. Nikaamua kukihamishia dukani.

Sasa, wewe umesoma mengi lakini huenda hujui siri za kazi yetu. Shati likishapigwa pasi na kukunjwa, ndani yake tunaingiza kipande cha kadibodi ili kifua kisilegee. Kitabu cha Kobe kina ukubwa uleule wa kadibodi, kama vile waliokichapisha walikuwa na shati mezani. Nilikiingiza ndani ya shati jeupe, nikafunga vifungo, nikalitia shati ndani ya mfuko wa nailoni na kulipandisha rafu ya juu kabisa, pale tunapoweka nguo za wateja wasio na haraka. Ni maficho ambayo hata polisi wangepita wakitoa saluti. Dosari yake ilikuwa moja tu, kwamba shati lenyewe lilikuwa lako.

Siku uliyokuja kuchukua mashati ulikuja mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yako. Nilikuwa na simu sikioni, nabishana na muuza sabuni. Nikakushushia mashati yako kwa mkono mmoja. Ukaligonga lile la juu kwa kidole, likalia ko ko, ukaniambia leo umelinyoosha kweli, fundi. Nami, Mungu anisamehe, nilikujibu kwamba huo ndio utaalamu wangu mpya na kwamba sitaki kuueleza kwa kila mtu.

Nilipogundua, nilimpigia dereva wako. Akanituliza kwamba kitabu kimeonekana, kizima, hakina hata mkunjo. Nikamshukuru na kusema naja kukichukua. Akaniambia nisubiri kwanza, kuna maagizo. Akayatoa kwa sauti ya kukuigiza (nakusihi usimchukulie hatua, anaigiza vizuri sana), nayo yalikuwa haya: "Mwambie dobi, kitabu kitatoka siku joho langu litakapotoka. Akiuliza ni lini, mwambie kesho."

Ni kweli, Mheshimiwa, joho lako liko kwangu. Sijawahi kulikana. Uliliacha likiwa na doa la wino mkononi, na ni kweli pia kwamba tangu uliache, ule mti wa mbele ya mahakama umepukutisha majani yake na kuota mengine. Lakini kosa la mtu mmoja halihalalishi la mwingine, na hilo nilijifunza kwako mwenyewe, siku nilipokaa kwenye benchi la nyuma kusikiliza kesi ya shemeji yangu.

Baada ya utangulizi huo, malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Kwamba unanifundisha adabu kana kwamba mimi ni mtoto. Mheshimiwa, nina ndevu. Nina mke, nina duka, nina pasi mbili na mashine moja ya kufulia ambayo hutikisika mpaka kwa jirani. Kumchukulia mtu mzima kitu anachokihitaji, kukiweka mahali asipofika, kisha kumwambia atakipata akiwa na tabia njema, ni ukatili. Nasema hivyo kama mtu mwenye uzoefu wa jambo hilo. Najua linavyomfanya mtu ahisi. Anaanza kutembea kwa kujikunyata. Anaanza kujiuliza kila anachofanya kama kinahesabiwa au hakihesabiwi. Juzi nilijikuta napiga pasi suruali ya karani wako kwa uangalifu usio wa lazima, nikitumaini kwamba atakuambia. Nilijichukia. Waliosema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, walikuona wewe kabla hujazaliwa.

Najua utasema kwamba hata mimi nilifanya hivyohivyo kwa Meneja. Jibu langu ni kwamba mimi ni mzazi, na yangu yanaitwa malezi. Yako hayana jina, nimeyatafutia nikakosa.

2. Kwamba umelichukua neno langu na kulitumia dhidi yangu. Neno lenyewe ni kesho. Dobi akisema kesho, hasemi siku. Anamsalimu mteja, anamwambia kwa upole kwamba nguo yake haijasahauliwa, inafikiriwa. Wateja wote wa kona yetu wanalielewa hivyo. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani analielewa; nina mapazia yake tangu wanafunzi wake wa sasa hawajaanza kutambaa, na tunapendana. Wewe peke yako umeling'ang'ania neno hilo kana kwamba limo kwenye gazeti la serikali. Tena unalitamka kwa ukali. Dereva wako aliponiambia "kesho" kwa sauti yako, nilielewa kwa mara ya kwanza kwa nini wateja wengine huondoka dukani kwangu wakizungumza peke yao.

3. Kwamba unakifurahia. Nimearifiwa, na sitasema na nani isipokuwa kwamba anaendesha gari lako, kuwa wakati wa chakula cha mchana unafunga mlango, unavua miwani ya kazi, unavaa ile nyingine, na unasoma Kobe Dereva wa Greda mwanzo hadi mwisho. Nimearifiwa pia kwamba ukifika ukurasa ambao greda limekwama kwenye matope na kuku wote wa kijiji wanatoka kulisukuma, unacheka mpaka askari wa mlangoni anagonga kuuliza kama kuna tatizo. Mheshimiwa, kitu kilichozuiliwa ni kielelezo, na sijapata kusikia kielelezo kikichekewa. Isitoshe, unakisoma kimya. Kitabu kile hakisomwi kimya. Greda linapopanda mlima msomaji anatakiwa kutoa mlio kutoka tumboni, na Kobe anapowaambia magari ya nyuma yake yatulie, anatakiwa kuongea puani, polepole, mpaka msikilizaji atake kumrukia. Mimi naujua mlio huo. Nimeutoa mara nyingi kuliko nilivyolitamka jina langu. Mtu anayekisoma kimya kile kitabu ni kama anayelipiga pasi shati akiwa hajaichomeka pasi kwenye umeme.

4. Kwamba umeanza kuniiga. Hili liliniuma kwa namna ya pekee. Dereva anasema kitabu sasa kinakwenda nyumbani kwako jioni na kurudi ofisini asubuhi, na kwamba mjukuu wako anayekaa kwenu amekipenda hadi anaota anaendesha greda. Kisha anasema umekipandisha juu ya friji. Mjukuu asipomaliza sahani, hasomewi. Asipovua soksi mwenyewe, hasomewi. Basi tazama hali ilivyo sasa: kitabu kimoja, chembamba, cha kobe, kinamlea binti yangu, kinamlea mjukuu wako na kinanilea mimi. Wote watatu tunafundishwa adabu na hakuna hata mmoja anayesomewa. Mwandishi wa kitabu hicho angejua, nadhani angeomba arudishiwe ili aandike kuhusu mnyama mwenye kasi zaidi.

5. Kwamba unahatarisha nchi. Usishangae, nitakuonyesha hatua kwa hatua. Wewe huna joho. Kwa kuwa huna joho, unaazima la mwenzako wa chumba cha pili, ambaye ni mrefu, na kila mtu mjini anajua kwamba linaburuta chini na kwamba wiki iliyopita ulikanyaga pindo ukaingia mahakamani kwa kasi ambayo hukuikusudia. Watu walicheka. Mtu akishamcheka hakimu, haiogopi hukumu. Asipoiogopa hukumu, anaiba. Wezi wakiongezeka, watu hawaaniki nguo nje. Wasipoanika nje, nguo zinanuka unyevu, na mtu anayenuka unyevu hasikilizwi kazini, anapata hasira, anarudi nyumbani na kugombana na jirani yake, na wote wawili wanaletwa mbele yako, nawe bado umevaa joho linaloburuta. Hakuna mwisho, Mheshimiwa. Mduara huo ungeweza kukatwa kwa kitendo kidogo sana, yaani wewe kukitoa kitabu. Joho lingefuata baadaye, kwa wakati wake. Huwezi kuutaka utulivu wa taifa na huku umekalia kitabu cha kobe.

6. Muuza vipuri, tangu apate habari hizi, kila nikifungua duka ananiambia mwosha huoshwa. Analisema kabla hata sijamsalimu. Namhesabu kwenye makosa yako, maana kabla ya hapo tulikuwa tunaongea mambo ya mpira.

7. Hili nilitaka liwe la kwanza, na kila nilipoanza nalo kalamu iligoma. Meneja hajui kwamba kitabu hakipo. Nilimwambia kiko dukani, rafu ya juu, na kwamba kitashuka siku atakapokuwa mtoto mwema. Mheshimiwa, amekuwa mtoto mwema. Amekuwa mwema kwa kiwango cha kutisha. Anakula mpaka sahani inabaki na ua lake tu. Anatandika kitanda chake, kisha anakuja kutandika chetu na sisi bado tumekikalia. Anamwamkia mama mkwe wangu, anamwamkia muuza vipuri, na juzi aliwaamkia maaskari wa baraza la mji waliokuja kuuondoa ubao wangu wa matangazo barabarani, akawaombea na kiti. Kila jioni ananipokea mlangoni, ananitoa mfuko mkononi, anaupeleka ndani, anarudi, anasimama mbele yangu na kuuliza neno moja: "Bado?"

Nami nasema bado. Ningesema nini? Mwanzoni nilikuwa na sababu. Nilimwambia alifunga mlango kwa kishindo, au aliacha maji nusu kikombe. Kesho yake mlango unafungwa kwa vidole na kikombe kinapinduliwa kunionyesha. Makosa yameniishia, Mheshimiwa. Wiki hii, kwa kukosa la kusema, nilimwambia bado, kwa sababu alicheka wakati wa kula. Tangu siku hiyo hacheki wakati wa kula. Mama yake anatafuna na kunitazama, na mimi natazama chumvi. Naona aibu kuliandika hili lakini nimeapa kusema kweli tupu. Mtoto ameacha kucheka mezani ili apate kitabu ambacho baba yake hana. Zamani alikuwa akituagiza kama waajiriwa wake na nyumba ilikuwa haikaliki. Sasa anasema tafadhali. Nimezikumbuka kelele zake hadi nasimama uani jioni kidogo kabla ya kuingia, nikitumaini kuzisikia.

Haya yote, Mheshimiwa, ni matokeo ya wewe kuzuia kitabu. Ningekuwa nacho, ningempa.

Ninasema ningempa, ingawa najua utaniuliza mbona kilipokuwa rafuni sikumpa. Nitalijibu swali hilo siku nyingine.

Maombi yangu sasa. Naomba, kwanza, kitabu kirudishwe haraka iwezekanavyo, kikiwa ndani ya kitu kisafi, bila masharti. Naomba, la pili, kirudi kabla ya joho na si baada yake wala pamoja nalo, kwa sababu wewe ndiye mkubwa na mkubwa ndiye huanza. Nikitoa joho kwanza nitakuwa nimekiri kwamba njia yako inafanya kazi, na nikikiri hivyo kila mteja katika mji huu atanishikia kitu. Mwalimu mkuu atanishikia mtoto. Daktari wa meno atanishikia jino.

Ukiona maombi haya ni mazito, nakushauri uyapeleke mahakamani. Najua hapo kuna ugumu, maana hakimu hawezi kuisikiliza kesi yake mwenyewe, na sheria ni msumeno. Basi kwa kuwa joho liko kwangu, niko tayari kukaa mahali pako kwa kikao kimoja tu. Linanitosha vizuri mabegani. Ninajua kwa sababu nililivaa mara moja, kwa ajili ya kupima mikunjo, na nikalivaa mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza mke wangu hakuwepo. Nilitoa uamuzi mmoja mdogo kuhusu nani amalize maziwa, na watu wote waliutii, hata paka. Ningekusikiliza kwa haki. Ningekupa nafasi ya kujitetea, na ningekuambia uamuzi utasomwa kesho.

Msimamo wangu ndio huo na hautayumba: kitabu kwanza, joho baadaye. Nimeapa mbele ya mashine ya kufulia ikiwa inazunguka. Usitume mtu kunishawishi. Usimtume dereva, kwa kuwa tutaishia kuongea mambo mengine na gari lako litakaa juani. Nikiona kitabu, nitaanza kulishughulikia lile doa, ambalo nataka ujue si doa la kawaida. Ni wino wa mhuri, umezama kwenye nyuzi, una ukaidi wa mtu mzima. Kazi hiyo inahitaji utulivu wa moyo, na moyo wangu mtu ameuweka juu ya friji.

Mwisho, nisalimie wote. Msalimie mama wa nyumbani kwako na umwambie shuka zake za maua zipo na zinafikiriwa. Msalimie karani, suruali yake iko tayari, nayo imenyooka kuliko haki yake. Msalimie askari wa mlangoni na umpe pole ya kushtushwa na vicheko. Msalimie mwenzako wa chumba cha pili, mwenye joho refu. Dereva sina haja ya kukutuma umsalimie. Msalimie na mjukuu wako, ingawa hatujaonana, na umwambie kwamba kwenye ukurasa wa greda kupanda mlima kuna mlio, na kama babu yake hautoi, anadhulumiwa.

Ni mimi mteja wako katika sheria, nawe mteja wangu katika sabuni,

Dobi wa Kona,
Baba wa Meneja.

Nyongeza:

Barua hii ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha pale mke wangu alipopita dukani na Meneja. Meneja alisimama mlangoni akatazama rafu ya juu. Ilikuwa tupu, kwa sababu leo karibu kila mtu amechukua nguo zake, sijui watu wamepatwa na nini. Aliitazama kwa muda. Hakuuliza "Bado?" Alinigeukia tu, mikono nyuma, jinsi wanavyosimama watoto waliozoea kukaguliwa.

Nikamnyanyua nikamkalisha kwenye meza ya pasi, nikamwambia yote. Nilimwambia habari za kadibodi, za shati, za simu na za joho, na nikamwambia kwamba kila nilipomjibu "bado", nilikuwa sina kitu cha kumpa. Nilisubiri kilio. Aliniuliza kama kitabu kililowa. Nikasema hakikulowa. Akauliza hakimu anasomewa na nani. Nikasema anajisomea, tena ana mjukuu. Akauliza kama huyo mjukuu naye anafichiwa. Nikasema nasikia ndiyo.

Akawa anauchezea waya wa pasi, kisha akasema: "Baba, mpe babu yake nguo yake. Labda ana hasira ya nguo tu."

Joho lako limo ndani ya mfuko uliokuja na barua hii. Doa lilitoka kwa ndimu na chumvi, na lilitoka kabla chai yangu haijapoa. Malalamiko ya hapo juu, kuanzia la kwanza hadi la saba, yana karatasi nzuri, yanafaa kufungia vitu. Kitabu sikidai tena. Mjukuu na akimalize, na ikiwezekana asomewe kabla ya kula. Mtakapokuwa mmekichoka, usinikabidhi mimi, wala usimpe dereva. Mpe Meneja mwenyewe, mkononi, bila kumuuliza kama amekuwa mwema, hata ukimkuta amelala chali katikati ya duka, anapiga kelele, amekataa kuvaa viatu.